Skrini Iliyopepesa Kwenye Kona

Mama mkwe wangu ndiye aliyeanza kuiita mgonjwa wa pili. "Hii nyumba iko na wagonjwa wawili," aliwaambia wanawake wa kanisa waliokuja kumjulia hali mumewe. "Mmoja ni huyu mzee, mwingine ni hiyo kompyuta yake." Wanawake walicheka, nami nikacheka nao kutoka jikoni, ingawa sikuona cha kuchekesha. Mgonjwa wa kwanza alikuwa na sista wa kumtibu. Wa pili nilikabidhiwa mimi.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, na mimi nilikuwa nimeolewa karibuni katika boma moja upande wa Navakholo. Kwetu ni Matungu, kwa hiyo Mama aliniita "wa Matungu," kana kwamba kule kwote hakujazaliwa mwingine. Mume wangu alifanya kazi Nairobi na alikuja mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa nimesomea kompyuta Kakamega mjini, katika chumba cha juu ya duka la misumari na mabati, na siku za kazi nilichapia watu barua katika ofisi ndogo karibu na soko. Pale nyumbani, hilo lilitosha kunifanya daktari wa kila kitu chenye waya. Pasi ikifa, niliitwa. Redio ikikohoa, niliitwa.

Baba mkwe, ambaye nilimwita Baba, alikuwa ameendesha trekta la miwa tangu ujanani. Kiharusi kilimkuta akiwa kazini. Kikamwachia miguu ya kuburura, ulimi uliokuja kupona, na mkono wa kulia uliolala. Kule hospitali ya misheni, Mukumu, sista wa mazoezi alituambia bila kuzunguka kwamba mkono una msimu wake. Vidole visipopewa kazi miezi hii ya mwanzo vitasahau, na vikishasahau ni vigumu kuvikumbusha. Apukuchue mahindi, alisema. Akande unga. Afinyange kitambaa.

Baba alikataa vyote. Mahindi aliyaona kazi ya watoto, unga kazi ya wanawake, na kitambaa alikirusha uvunguni mwa kiti kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Siku zilikuwa zinakwenda. Mama alikonda kuliko mgonjwa.

Ndipo mume wangu akaja na laptopu. Ofisini kwao walikuwa wanaitupa. Ilikuwa nzito kama tofali, ya kijivu, betri imekufa, haiwaki ila ichomekwe kwenye stima. Ndani yake mlikuwa na gemu ya gari jekundu linalokimbia barabarani, na gari hilo unaliendesha kwa vitufe vinne vya mishale vilivyo chini, upande wa kulia kabisa. Nilipoviona vile vitufe nilisikia moyo ukiruka. Mkono wa kulia ulikuwa umepata kazi ya kiume.

Mume wangu alimfungulia gemu ile. Baba aliitazama kwa muda, akasema, "Hiyo barabara imelimwa vibaya." Kesho yake akaomba awekewe tena.

Hapa lazima nieleze jambo moja, kwa sababu bila hilo hakuna kisa. Katika boma lile, mkamwana na baba mkwe walikuwa na mpaka. Sikumgusa Baba, hata mkono wa salamu. Sikuketi karibu naye, sikupita mbele yake, sikumtazama usoni. Chakula chake nilimpa Mama, Mama akampelekea. Akitaka kuniambia neno, alimwambia Mama nami nimesimama palepale, nikisikia kila herufi: "Mwambie huyu mtoto obusuma ilikuwa nzuri," yaani ugali. Kuna namna ya kuulegeza mpaka huo, kwa zawadi na karamu ndogo, lakini yetu ilikuwa bado. Wengine mjini walikuwa wameshaacha mambo hayo. Sisi hatukuwa tumeacha, na sitasema uongo kwamba yalinisumbua. Kumheshimu mtu kwa kumwachia nafasi ni jambo zuri, mpaka siku mtu huyo anapokuwa na kompyuta mbovu.

Maana ilianza kupepesa. Mara ya kwanza nilikuwa mlangoni na sinia la chai, macho chini, nikaona mwanga ukicheza sakafuni miguuni pa Baba, unawaka unafifia kama jicho lenye vumbi. Baba alisonya, akafunga gemu, akasema kichwa kinamgonga. Mama akanigeukia mimi.

"Wa Matungu, hiyo kitu inapepesanga. Tengeneza."

Unaweza kudhani ni kazi rahisi. Baba hakuiacha ile laptopu ovyo. Akimaliza kucheza ilifungwa, nami nikaletewa kule nyumbani kwangu, hatua chache nyuma ya nyumba kubwa. Nikaiwasha. Nikaandika barua ndefu isiyo na maana ili niitazame. Skrini ilitulia tuli. Nikafungua gemu nikaendesha lile gari jekundu mpaka vidole vikauma. Ikatulia tuli. Nikairudisha nyumba kubwa. Baba akacheza, ikapepesa.

Nikalaumu stima. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinu cha kusaga mahindi, na kikianza kunguruma taa za nyumba nzima zilinywea. Nikamwomba Mama achunguze: je, inapepesa kinu kikiwa kimenyamaza? Alikwenda, akarudi. "Kinu kimefungwa, mwenyewe yuko matanga. Na bado inapepesa."

Nikapunguza mwanga wa skrini kwa kile kitufe cha pembeni. Bado. Nikapunguza rangi, gari likageuka la kahawia. Baba akatuma neno kwamba yeye hakuajiriwa kuendesha gari la matope, nikarudisha rangi. Nikamweleza mwalimu wangu wa zamani pale mjini, akanipa somo zima: kinachopepesa kwenye gemu mara hii na kutulia mara ile, kosa liko kwenye gemu, inachora haraka kuliko skrini inavyoweza kufuata. Nikaifungua gemu kwa njia nyingine, bila kupitia yale madirisha ya picha, kutoka kwenye ile skrini nyeusi ya maandishi meupe. Nilipoirudisha nilijiona nimehitimu upya. Kabla chai haijachemka nikasikia Baba akisonya.

"Muulize inapepesa wakati gani," nilimwambia Mama kwa sauti, Baba akiwa hatua chache kutoka kwangu.

"Wakati gani?" Mama akamuuliza.

"Kwa kona," Baba akamjibu Mama. "Barabara ikinyooka inatulianga. Ikifika kwa kona inapepesa."

"Kwa kona," Mama akaniambia, kana kwamba nilikuwa kiziwi.

Nikaenda kwangu nikapinda kila kona iliyokuwamo mle ndani. Za kulia, za kushoto, zile za mlimani ambako gari hupaa. Hakuna kilichopepesa. Nilitaka kuipiga teke. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hakuna kinachonikera kama kitu kinachokuwa kizima mbele yangu na kuugua nikigeuka. Nilichohitaji kilikuwa kidogo tu: kuketi kando ya mzee akicheza, nione kwa macho yangu. Nacho ndicho nisingeweza kupata.

Mama angeweza kuketi pale kwa niaba yangu, lakini Baba hakutaka. Alikuwa na kiti chake pembeni, mgongo ukutani, meza ndogo mbele yake, na mgongo wa laptopu ukitazama sebule. Anayeingia aliona kifuniko kilichosimama, uso wa Baba juu yake, na kiwiko cha kulia kikiwa kimeinuka kando ya kifuniko, kikitikisika gari linapokimbia. Ukimsogelea aliacha kucheza. "Dereva hapumuliwi shingoni," alisema.

Na kile kiwiko kilichotikisika kilikuwa habari kubwa. Kila aliyepita alikiona. Mama alisimama kanisani akashuhudia kwamba mkono wa mumewe unaamka, wanawake wakapiga vigelegele. Baba mwenyewe alisema hakuna haja ya kurudi Mukumu kwa sista, maana mazoezi ayapatayo ni bora. Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi alinishika bega akasema nisiruhusu mashine ile ife, kwa sababu mashine ikifa mkono utalala tena. Baada ya kuambiwa hivyo sikuweza tena kuichukulia kama mchezo. Kila Baba aliposonya na kufunga gemu, niliuona msimu wa mkono wake ukipita, na mimi ndiye niliyekuwa ninaupoteza kwa ujinga wangu.

Siku moja nilirudi kutoka mjini nikakuta laptopu imeanikwa. Nasema kweli. Uani kulikuwa na mahindi juu ya turubai, kando yake betri za redio zimepangwa juani zipate nguvu kama tulivyofanya sote, na kando ya betri, laptopu, imefunguliwa wazi kama Biblia. Skrini, ambayo ikizimwa huwa ya kijivu, ilikuwa nyeusi tii kwa joto.

"Mama!"

"Betri ikichoka si tunaanikanga?" alisema. "Na wewe umeshindwa."

Niliikimbiza ndani nikaiweka kwenye sakafu ya saruji, nikakaa nayo kama mtu anayekesha matanga. Ilipopoa ule weusi ulinywea taratibu kuelekea pembeni, ukaisha. Jioni Baba alicheza kidogo haikupepesa, na Mama akanipita na ndoo yake bila neno, kidevu juu. Kesho yake ikapepesa. Sikumcheka, ingawa nilitamani. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda jikoni, mikono mapajani, mboga hazijakatwa.

"Basi uone mwenyewe," alisema. "Mimi nimechoka kutumwa."

"Nitaonaje, Mama? Niketi naye?"

"Nimesema uketi naye?"

Alikwenda chumbani kwake akatoka na kioo cha kujitazamia, kile kikubwa cha fremu ya mbao alichopewa arusini kwake. Alikitundika kwenye ukuta wa sebule upande wa kulia wa kiti cha Baba, akakiinamisha kwa kukichomekea gunzi nyuma. Baba alipouliza, alimwambia chumba kina giza, kioo kitaleta mwanga. Kisha akaniweka kwenye korido, kwenye kigoda chake, nyuma ya pazia la mlango. Baba sikumwona, ukuta ulitutenga. Lakini mle kiooni niliona meza, skrini, vitufe na mikono.

"Umekatazwa kumtazama baba mkwe," Mama alininong'oneza. "Kioo hakuna mtu alikukataza."

Ilikuwa alasiri, kinu kimenyamaza. Nilimsikia Baba akifungua gemu, injini ikaanza kuvuma kinyonge. Nikasogeza pazia kidogo.

Nilichotazama kwanza ni skrini, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonileta. Ilitulia. Kisha nikatazama mkono wa kulia, ule ulioshuhudiwa kanisani, nikitaka kuona vidole vikikimbia. Havikukimbia. Haukuwa kwenye vitufe kabisa. Ulikuwa umesimamishwa kando ya skrini, kiwiko juu ya kitabu cha nyimbo, kiganja kimeegemezwa kwenye ukingo wa kifuniko, vidole vimekunjamana na kulala. Kilichobonyeza vitufe ni mkono wa kushoto. Ulikuwa umepita mbele ya kifua chake chote kuifikia ile mishale ya upande wa kulia, na ulibonyeza kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo kwa muda mrefu.

Kona ikafika. Baba, aliyeendesha trekta tangu ujanani, alifanya anachofanya dereva wa trekta: aliegemea kona kwa mwili wote. Ule mkono uliolala ukaegemea pamoja naye. Uzito wake ukasukuma kifuniko, kifuniko kikajipinda kwenye bawaba, na skrini ikapepesa. Ni waya tu. Waya unaopita kwenye bawaba ulikuwa umelegea, na mimi nilikuwa nimebadilisha rangi, mwanga, gemu na stima. Barabara iliponyooka, Baba alinyooka, na skrini ikatulia.

Sikusikia furaha ya fundi. Mkono ule haukuwa unaamka. Haukuwa umefanya zoezi hata la siku moja, na miezi ambayo sista alituambia tusiipoteze tulikuwa tumeipoteza tukipiga vigelegele.

Ikaja kona ya kulia. Baba aliiegemea, na kichwa chake kikageuka upande wa kioo. Mimi sikuwa nimekumbuka jambo ambalo mtoto mdogo anajua: ukimwona mtu kiooni, naye anakuona. Macho yetu yalikutana. Sikuwahi kumtazama Baba machoni kabla ya siku hiyo. Yalikuwa ya rangi ya kahawia isiyokolea, kama ya mume wangu, na yaliogopa.

Gari jekundu liligonga. Kisha Baba alifanya jambo polepole sana, akijua ninaona. Kwa mkono wa kushoto aliushika ule wa kulia kwenye kifundo, akauinua kutoka kwenye kifuniko kama mtu anayemtoa mtoto aliyelala, akaulaza juu ya goti lake. Akaanza gemu upya. Kona zikaja, akaziegemea zote, na skrini haikupepesa tena.

Nilikwenda jikoni na hasira. Nilikuwa na maneno mengi. Mficha maradhi kilio humfichua, nilitaka kusema, na maneno mengine yasiyofaa mkamwana. Mama alikuwa anachambua mboga. Hakuinua uso.

"Umeona?"

"Nimeona, Mama. Mkono wa Baba..."

"Najua."

"Hujui. Anatumia wa kushoto. Ule mwingine..."

"Wa Matungu," alisema, na sasa aliniangalia. "Mimi ndio namwoshanga. Mimi ndio namvalishanga shati. Unafikiri mkono yake siijui?"

Nilikaa chini, sakafuni, palepale penye majani ya mboga. Nikamuuliza kwa nini basi alishuhudia kanisani, kwa nini aliniacha nihangaike na mashine, kwa nini asimkemee mumewe arudi Mukumu. Alisema siku ya kwanza alipokuta kiwiko kimeinuka, Baba alimtazama kwa furaha ambayo hajaiona tangu augue, naye akashindwa. Akasema "Asante Yesu," na ukishasema hivyo mbele ya mtu huwezi kurudi nyuma kesho yake. Baba alijifanya kwa ajili yake, naye akajifanya kwa ajili ya Baba, na kila mmoja akamfariji mwenzake mpaka wote wawili wakakwama.

"Na kioo?" nilimuuliza.

Alichukua tena kisu chake.

"Nilichoka kujua peke yangu," alisema.

Hasira yangu ilikwisha hapo. Nilichambua mboga naye mpaka zikaisha.

Sitajidai kwamba mambo yalipona. Tulimrudisha Mukumu baadaye, na sista aliushika ule mkono akaukandakanda, akanyamaza kuliko tulivyotaka. Kidole gumba kilirudi kidogo. Vingine havikurudi. Huenda visingerudi hata tungewahi. Sijui, na huniuma mpaka leo kwamba sijui.

Lakini kabla ya Mukumu ulifika mwisho wa mwezi, na mume wangu akaja. Baba alikuwa kitini pake, gemu inakwenda. Kiwiko hakikuwa kimeinuka. Mkono wa kulia ulikuwa gotini, na Mama alikuwa ameufunika kwa leso yake kana kwamba ni kwa sababu ya baridi. Kioo kilikuwa bado ukutani. Mimi nilisimama mlangoni na chai, macho chini.

Mume wangu alichungulia skrini kwa mbali, kupitia kile kioo. Akaona kona tatu nne zikipita, mwanga umetulia juu ya uso wa mzee.

"Imepona!" alisema, akanigeukia akicheka, amejaa fahari. "Haipepesi hata kidogo. Mke wangu, ulifanyaje?"

Mama alitazama ukuta. Mimi nilitazama sinia. Jibu lilikuwa limelala pale gotini chini ya leso, na sikujua ni la nani kulisema.

Gari jekundu likasimama. Nilisikia Baba akivuta pumzi. Kisha akaongea, wala hakumwambia Mama aniambie. Aliongea na mimi, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu niingie katika boma lake.

"Mwambie, mama," aliniambia, na kwa mkono wake wa kushoto akaiondoa leso.

Nikamwambia.